Maboksi ya TV ya Mukuju na Sauti ya Mama

KITUO CHA POLISI, MUKUJU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Abbo Truphena
Umri: Miaka 31
Elimu: Sekondari, Senior Four
Kazi: Kuuza na kufunga vifaa vya TV
Makazi: Mukuju, Wilaya ya Tororo
Tarehe: 23 Juni 2025, saa tatu na nusu asubuhi

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Koplo Osborn Ojiambo. Tarehe nitakazozitaja nimezitoa kwenye shajara yangu, ambayo nimeiandika kila siku tangu nimalize shule. Koplo ameniruhusu kuiweka mezani.

Tangu mwaka 2022 nimeendesha duka la vifaa vya TV hapa kwenye senta ya maduka ya Mukuju pamoja na Allan Oboth, mzaliwa wa Nabuyoga. Tulikuwa washirika sawa kwa sawa. Tuliuza maboksi madogo ya kuunganisha TV na intaneti. Yeye alishughulikia mitambo. Mimi nilizungumza na wateja, nikafunga maboksi majumbani na kuwafundisha watu kuyatumia.

Kazi ya kufundisha ilikuwa kubwa kwa sababu maboksi hayafanani. Sisi peke yetu tuliuza aina nne, na kila aina ina duka lake la programu. Mpira unaoonekana kwenye aina ya kwanza haupo kwenye ya pili. Filamu zilizotafsiriwa kwa Luganda zipo kwenye ya pili, lakini misa ya Jumapili haipo. Kampuni nazo huamka siku moja zikaacha kuhudumia maboksi ya zamani, na mteja huona kioo cheusi tu. Mzee Osire, fundi baiskeli wa hapa senta, aliniambia siku moja, "Nilinunua TV moja tu, sasa nina rimoti tatu. Mtu akiingia kwangu anadhani naendesha ndege."

Ili nisichanganye aina, nilitia nukta za rangi nyekundu ya kucha chini ya kila boksi kabla halijatoka dukani. Aina ya kwanza nukta moja, ya pili mbili, hivyo hivyo hadi nne. Rangi hiyo ni yangu mwenyewe.

Allan alitengeneza ukurasa wetu ndani ya kila boksi. Mteja akiwasha TV, kabla ya kitu kingine, hutokea video fupi ambayo mimi ninaeleza, kwa Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kiswahili, kitufe cha kubonyeza na cha kuacha. Video hiyo huingia ndani ya boksi na kubaki humo hadi itumwe nyingine. Watu waliizoea. Wengine waliniita "yule dada wa ndani ya TV". Nenosiri la kubadilisha video alikuwa nalo Allan peke yake. Sikuwahi kumwomba. Sikuona haja.

Mnamo tarehe 2 Desemba 2024, Jumatatu, kampuni moja iliacha kuhudumia maboksi yetu ya aina ya kwanza. Ilibidi kila boksi la aina hiyo lirudi dukani libadilishwe mtambo wa ndani. Yalikuwa machache, yote ya hapa senta. Tukaamua kurekodi tangazo. Dukani haikuwezekana kwa sababu ya honi za malori yanayokwenda mpakani, kwa hiyo saa kumi jioni tulirekodia nyumbani kwetu, nyuma ya jiko la mama. Allan alishika simu yake. Mimi nilisema kwa Dhopadhola maneno haya, yaliyotafsiriwa hapa: "Wateja wetu wapendwa, maboksi yenu yanahitaji kubadilishwa mtambo. Mpeni Allan boksi pamoja na rimoti. Mtarudishiwa jioni siku hiyo hiyo."

Nilipofika kwenye neno "mtarudishiwa", mama aliniita kutoka shambani. Aliita, "Abbo!" Nilipomaliza sentensi, akaongeza kwa Dhopadhola kwamba mbuzi wa watu wameingia kwenye mihogo. Niliacha kurekodi nikakimbia. Niliporudi nilitaka turudie, lakini Allan alikuwa anacheka. Alisema, "Acha hivyo hivyo, dada. Watu watapenda mbuzi kuliko boksi." Tukaiacha. Wiki ile nilisalimiwa senta nzima, "Truphena, mbuzi walitoka?" Maboksi yote yalirudishwa kwa wenyewe jioni ile ile, kama nilivyosema.

Ninaeleza kwamba jina Abbo nyumbani aliliita mama peke yake. Wengine wote wananiita Truphena. Ninaeleza pia kwamba mama alimpenda Allan. Alimwita "mwanangu wa TV" na kumwekea ugali wa wimbi hata siku ambazo hakuja.

Mama alifariki tarehe 12 Machi 2025. Tulimzika Jumamosi tarehe 15. Allan alikuwa mmoja wa walioshika kamba wakati wa kuteremsha jeneza.

Baada ya msiba nilirudi kazini. Kati ya Aprili na Juni tulipata wateja wengi wapya katika vijiji vya Iyolwa na Nabuyoga. Hao hawakumjua mama wala hawakuiona video ya Desemba.

Tarehe 16 Juni 2025, Jumatatu, Allan aliniambia kuna aina mpya ya boksi inayokusanya mpira, filamu na misa mahali pamoja, na kwamba mwenye duka mmoja wa Eldoret, Kenya, ananisubiri nikaione. Nilimuuliza kwa nini asiende yeye anayejua mitambo. Alisema, "Wewe ndiye macho ya wateja, dada. Ukikubali wewe, na wao watakubali." Nilisafiri kesho yake asubuhi.

Nilifika kwenye duka alilonielekeza. Mwenye duka aliniambia hamjui Allan Oboth na hana boksi la namna hiyo. Nilimpigia Allan simu. Hakushangaa. Alisema, "Basi pumzika huko siku mbili, utembee tembee. Tangu msiba hujapumzika." Nilimshukuru. Nilikaa kwa mama mdogo anayeishi huko hadi Alhamisi.

Tarehe 19 Juni, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nilirudi Mukuju. Duka lilikuwa na kufuli ambalo si letu. Simu ya Allan haikupatikana. Watu walionikuta mlangoni hawakunisalimu. Nilidhani kuna kifo sijaambiwa.

Tarehe 20 Juni, Ijumaa, saa moja asubuhi, wanawake sita walikuja nyumbani kwangu kutoka Iyolwa wakiwa na mwenyekiti wa kijiji chetu, Bwana Bartholomew. Aliyezungumza ni Proscovia, mama wa mtoto aitwaye Emmy, kwa hiyo tunamwita Mama Emmy. Alinunua boksi Aprili kwa pesa za mtama wake. Mazungumzo yalikuwa hivi.

Mama Emmy alisema, "Boksi yangu iko wapi?"

Nilisema, "Boksi lipi, Mama Emmy? Mimi nimerudi jana kutoka Eldoret."

"Eldoret ya wapi? Wewe juzi nilikuona kwa TV yangu. Ulisema tumpe Allan boksi na rimoti. Allan akakuja na pikipiki, tukampa. Ulisema jioni. Jioni gani hii haifiki?"

"Mimi sikusema hivyo juzi."

"Truphena, hiyo sauti si yako? Basi ni ya nani, ya kuku? Mimi kusoma sijui, lakini sauti ya mtu naijua. Mngeandika barua singetoa boksi. Nilitoa kwa sababu ni wewe ulisema, kwa lugha yetu."

Wenzake waliitikia. Mmoja alisema nifungiwe ndani hadi maboksi yaonekane. Mwenyekiti aliwaambia watulie. Maneno aliyoyataja yalikuwa yangu kweli.

Ndipo Mama Emmy akasema, "Tena usikatae. Hata mama yako alikuwa hapo anakuita, tulimsikia sisi wote. Kumbe mlikaa nyumbani na mama yako mkapanga."

Nilimuuliza aliita vipi.

Alisema, "Aliita Abbo."

Nilimwambia mama yangu tulimzika Machi. Nilimwonyesha kaburi kwa mkono, lipo upande wa mihogo. Mama Emmy alilitazama. Alikaa chini kwenye nyasi, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akasema, "Samahani. Mimi ni wa Iyolwa, sikujua."

Nilihitaji kuiona video yenyewe, lakini maboksi yao yote yalikuwa yamechukuliwa. Mwenyekiti alisema Mzee Osire bado analo lake. Tulikwenda kwake. Alituambia Allan alipita kwake pia akamfukuza. Alisema, "Hayo maneno nilishayasikia Desemba, tena na mbuzi. Nikamuuliza Allan, mbuzi mmewapeleka wapi? Akaondoka haraka."

Tuliwasha TV ya Mzee Osire. Video ilikuwa ile ya Desemba. Imekatwa kabla ya habari ya mbuzi. Sauti ya mama imebaki ikiita mara moja tu, juu ya neno "mtarudishiwa". Niliitazama nikiwa nimesimama.

Saa tano tulivuka mpaka mimi na mwenyekiti, kwa sababu mtoto wa Mzee Osire alikuwa amemwona Allan kwenye duka la vifaa vya TV Busia, mji wa mpakani, upande wa Kenya. Tulimkuta humo amevaa fulana yenye jina la boksi wanalouza wao. Nyuma yake, sakafuni, kulikuwa na maboksi kwenye magunia mawili. Moja lilikuwa wazi. Niliona nukta zangu nyekundu. Maneno tuliyosemezana ni haya.

Allan alisema, "Dada, unakuja na mwenyekiti kama nimeiba mbuzi?"

Nilisema, "Maboksi ya watu."

"Hayo yamekufa, dada. Leo kampuni hii inafunga, kesho ile inafunga. Wewe mwenyewe unazunguka vijijini kufundisha rimoti hadi lini? Hawa wana kila kitu mahali pamoja. Wameniweka mimi wakala wa Tororo nzima. Watu wakikosa la zamani watanunua hili. Baadaye utanishukuru."

"Hawakukwambia wanataka jipya. Waliambiwa watarudishiwa."

"Waliambiwa na wewe," akasema, na akacheka kidogo.

Nilimuuliza kama alimsikia mama.

Alishika waya uliokuwa mezani, akaukunja. Kisha akasema, "Nilijaribu kumtoa. Kila nikimtoa yeye, na lile neno la kurudishiwa linatoka. Bila hilo wasingetoa maboksi."

Mwenyekiti Bartholomew alikuwepo na aliyasikia maneno hayo. Mwenyekiti alimwambia, "Kijana, wewe ulishika kamba." Allan aliingia chumba cha nyuma na hakutoka.

Tuliripoti kwa polisi wa upande ule, wakazuia magunia, wakatuelekeza tufungue kesi huku kwa kuwa maboksi yalichukuliwa huku. Baadaye niliarifiwa kwamba yamehesabiwa na ni thelathini na nane. Jumamosi tarehe 21 nilizunguka kwa baiskeli Iyolwa na Nabuyoga kuwaeleza wateja. Wengine walinielewa. Wengine walinisikiliza wakiwa wamesimama mlangoni bila kunikaribisha. Mwanamke mmoja wa Nabuyoga aliniambia, "Sasa hata hayo unayosema leo, nitajuaje ni ya leo?"

Nimeulizwa na Koplo kama nilipanga jambo hili pamoja na Allan. Jibu ni hapana. Nimeulizwa kama nilimpa ruhusa kuitumia tena video ile. Hapana. Nimeulizwa kama ninayo video kamili ya Desemba, yenye mbuzi, ili ilinganishwe. Sinayo. Ilikuwa kwenye simu ya Allan na kwenye kompyuta ya duka, na kompyuta hiyo nayo imeondoka. Sikuwahi kumrekodi mama mahali pengine popote. Nilidhani nitamrekodi siku nyingine.

Kwa hiyo boksi la Mzee Osire, ambalo limeletwa hapa kama kielelezo, ndilo pekee nijualo lenye sauti ile. Najua linatunzwa kwa ajili ya kesi dhidi ya Allan. Ninaomba mahakama ikimaliza nalo, lisifutwe wala lisibadilishwe mtambo. Nimezungumza na Mzee Osire na amekubali nimpe jipya badala yake. Allan asipewe nafasi ya kuligusa, hata akisema anakuja kulitengeneza.

Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, na mimi mwenyewe nimeyasoma tena. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo ilivyokuwa. Sitaki kuongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Abbo Truphena

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo Osborn Ojiambo, na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Kielelezo, boksi moja la TV lenye nukta moja nyekundu, mali ya Mzee Osire, kiliunganishwa kwenye TV ya kituo saa tano na dakika kumi mbele ya shahidi. Video ilichezwa hadi mwisho. Shahidi aliitambua sauti yake, na sauti ya pili akaitambua kuwa ya marehemu mama yake. Shahidi aliomba ichezwe tena. Ilichezwa.