Jani la Mgomba na Hataza ya Upendo

Rafiki yangu Eliakimu,

Bwana asifiwe. Habari za huko? Najua ulipo hakuna maumivu, ila mazoea yana tabu, kwa hiyo nauliza: mgongo unaendeleaje? Huku tu wazima. Kahawa imechanua, na besi ya kwaya sasa naiimba peke yangu, watu wananivumilia tu.

Nina habari za binti yako Upendo. Ile programu ya simu aliyokuwa anautengenezea mfereji wetu imekamilika. Zamu yako ya maji ikifika inakutumia ujumbe. Ukisema huhitaji, inampa jirani wa chini. Basi akatokea tajiri mmoja mjini, akasema ataweka mtaji, ila kwanza wachukue hataza, yaani serikali iandike kwamba njia hiyo ni ya Upendo, mwingine asiitumie bila ruhusa yake.

Mtoto akakosa raha. Mtaji aliutaka kweli. Jumapili baada ya ibada akaja kwangu na wenzake wawili wa ofisini Kimandolu, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema, "Hataza nani anazisoma? Sisi tunaandika programu, hizo ni za wanasheria." Mwingine, "Tuchukue, tuikalie tu. Ikija kampuni kubwa kutushtaki, na sisi tuwe na fimbo." Upendo akanigeukia: "Baba mdogo, hii ya kumpitishia jirani zamu aliianza nani?"

Nikacheka, Eliakimu! Nikawasimulia jani lako. Ukiona shamba bado lina unyevu, unabana jani la mgomba kwa jiwe pale maji yanapoingilia kwako, nami wa chini nikiliona najua maji ni yangu. Na wewe ulimkuta nalo baba yako. Yule wa fimbo akasema, "Kwa hiyo tukipata hataza tunaanza kumshtaki nani? Mzee na jani lake?" Tukacheka wote, halafu Upendo akalia kidogo. Na mimi, nisikufiche.

Amekataa. Njia yote ameiandika mtandaoni, wazi, yeyote aitumie na asitokee mtu wa kudai ni yake peke yake. Anasema mafundi wenzake wengi ndivyo wanavyopenda. Juu kabisa ameandika: "Nilimkuta nayo baba." Tajiri ameondoka na mtaji wake. Lakini watu wa mfereji wa juu wameshamwita awawekee na wao, na jikoni anaimba tena.

Jina lako hajalifuta kwenye programu, ameweka tu namba yangu. Ujumbe wako unaingia kwenye simu yangu: "Mzee Eliakimu, maji yamefika. Tafadhali jibu mapema." Nakuahidi, nitakuwa nakujibia mimi, na migomba yako haitakauka nikiwa hai. Pumzika kwenye amani ya Bwana.

Ila kama una neno, rafiki yangu, jibu mapema.

Wako wa shamba la chini,
Zefania