Bakteria wa Chini ya Nguzo Zetu

Baba,

Mgongo unaendeleaje? Natumai umeacha kuingia chini ya malori na unamwachia kaka Kyalo kazi hiyo. Na Mama, goti bado linamsumbua asubuhi? Mimi huku Ujerumani ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na maswali kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka nilipokuomba udongo wa gereji? Ukaenda kunichotea ule mwekundu, safi, wa nyuma ya kanisa, hata ukauchekecha, ukautuma na vibali vyote. Nilipoupima sikupata cha maana. Nikakupigia nikakwambia nataka ule mweusi wa chini ya nguzo za ua, pale unapomwaga oili chafu kufukuza mchwa. Ukasema, "Hiyo uchafu yote? Mueni, wazungu wataona sisi tunaishi aje?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini uliutuma.

Basi humo ndani mlikuwa na bakteria. Niliwawekea dizeli yenye salfa nyingi, ile ambayo moshi wake unakereketa koo, nao wakaitoa salfa na kuyaacha mafuta yenyewe. Wakaota kwenye kisahani wakiwa na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu profesa wangu akawatazama, akasema wanafanana mno na bakteria wa mwenzangu wa meza ya pili, huenda wameingia kwangu kwa bahati mbaya. Hakusema kwa ubaya. Lakini kama ni kweli, kazi yangu ya miaka miwili ilikuwa imekwisha, na ningerudi Kitengela bila digrii.

Njia ya kujua ilikuwa moja, kusoma jenomu yao, yaani maagizo yote ya urithi yaliyo ndani ya kiumbe, herufi kwa herufi. Tulitoa DNA ya bakteria wangu na ya wale wa mwenzangu, mashine ikazisoma, kompyuta ikazilinganisha.  Wiki hiyo nilikuwa nafika maabara kabla ya wanaofagia.

Jumanne matokeo yakatoka. Ni wa ukoo mmoja, lakini si wale. Hawa wetu wana jeni za kutoa salfa zilizopangwa kwa namna ambayo profesa hajawahi kuiona. Alivuta kiti akaketi, akasoma tena kuanzia juu, kisha akanipa mkono mbele ya wote. Baba, nilijivuna! Nilijivuna vibaya sana. Wameandikishwa kama bakteria wa Noonkopir, mtaa wetu.

Mwambie Mama asitangaze kanisani kwanza, ingawa najua atatangaza. Nisalimie Kyalo, na shangazi Syombua wa Kajiado aliyenifundisha kusoma. Jirani yetu Mzee Parsaloi mpelekee salamu yangu ya Kimaasai, sopa.

Kuna jambo moja limebaki. Ripoti yetu itachapishwa, na wachapishaji walitaka kujua aliyekusanya udongo ni nani na anafanya kazi gani. Nimeandika majina yako yote matatu, na kazi nimeandika fundi wa malori. Profesa amekubali uwe wa pili kwenye orodha ya waandishi, baada yangu tu. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa.

Binti yako anayekupenda,
Mueni