Ofa ya Pittsburgh

Jumatatu, 1 Julai

Mkataba wangu wa mpira wa kikapu umekwisha. Niko huru – nusu. Klabu yoyote inaweza kunitolea ofa, lakini Kansas City, klabu yangu ya sasa, wana haki ya kulipa kiasi hicho hicho na kunibakiza. Mimi siulizwi. Ndivyo sheria ya ligi ilivyo kwa mchezaji wa umri wangu.

Nataka Pittsburgh. Si kwa ajili ya timu, timu yenyewe mbovu. Binti yangu Nyla yuko kule na mama yake, Renita. Anaanza darasa la kwanza mwezi ujao. Nimemwahidi nitampeleka shule mwenyewe kila asubuhi, kwa miguu. Tangu azaliwe nimemwona kwenye simu zaidi kuliko ana kwa ana.

Odell kapiga. Tunacheza wote hapa. Kasema niachane na mambo ya ofa, nikaongee kimyakimya na Whitcomb, meneja wa klabu, wanibadilishe na mtu wa Pittsburgh. "Wewe benchi umelikalia mpaka limeshika umbo lako, bro. Watakuachia tu!" Tumecheka. Mimi kwa mdomo.

Jumatano, 3 Julai

Wakala wangu, Carbone, hataki kusikia habari za kubadilishana. Anasema Whitcomb atazungusha kiangazi chote. Dawa ni ofa, tena kubwa. Ya kawaida Kansas City watailipa bila kupepesa macho, kwa hiyo lazima iwe kubwa mpaka waogope. Pittsburgh wamekubali. Dola milioni tisini, miaka minne.

Milioni tisini! Mimi! Mtu wa pointi kumi na moja kwa mechi, na goti la kushoto linalolia kama mlango. Sina thamani hiyo na ninajua. Sehemu ni mshahara, iliyobaki ni ya kutishia watu.

Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 4 Julai

Fataki za sikukuu ya uhuru. Mbwa wa jirani kajificha chini ya gari langu. Nimekula mbavu za kuchoma jikoni, nimesimama.

Nyla kauliza kama kule nitakaa karibu na mto. Nikasema nitakaa karibu na wewe. Renita kachukua simu, kaenda nayo chumbani. "Tavares, usimwahidi mtoto kitu kilicho mikononi mwa watu wengine." Nikamwambia ofa ni kubwa mno, hawawezi kuilipa. Kauliza hawawezi, au hawataki? Nikasema yote mawili. Sikuwa na hakika na hata moja.

Jumamosi, 6 Julai

Nimesaini. Sasa Kansas City wana siku mbili za kuamua.

Redioni wananichambua. Mmoja anasema Pittsburgh wamelogwa. Mwingine anasema ofa za namna hii ni ujinga mtupu: wenye mchezaji wakimwachia, umemnunua kwa bei ya kichaa, wakimbakiza, umefungia pesa zako bure huku wenzako wanachukua wachezaji wazuri. Sikuzima. Wana haki. Ningekuwa mimi ndiye klabu, nisingejinunua.

Odell katuma ujumbe: "Tajiri, shikamoo."

Jumapili, 7 Julai

Kimya.

Nimefunga masanduku. Nimefungua moja, mswaki ulikuwa ndani.

Nyla kachagua mkoba wa zambarau. Kanionyesha njia ya shule kwenye simu, Renita akitembea naye – nyumba yenye mbwa mkali, kona, mahali mama mmoja anapovusha watoto barabara. Kasema mimi nitapita upande wa magari, yeye upande wa maua. Ameshapanga! Kitu kikanigusa, mara ya kwanza wiki hii. Kikapita.

Jumatatu, 8 Julai

Wamelipa.

Whitcomb kapiga mwenyewe, nikiwa kwa kinyozi. "Hongera, kijana! Huendi popote!" Kinyozi kasikia, kapiga makofi, na waliokuwa kwenye foleni wakapiga. Nikasema asante.

Nikatoka nje na simu, nikamuuliza Whitcomb kocha ana mpango gani na mimi.  Kaniambia ukweli, kwamba kocha hana haja kubwa na mimi, ila klabu haiwezi kuacha mchezaji aondoke bure. Bora wanilipe, wawe na cha kubadilisha baadaye. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini kaweka friji ya zamani.

Kubadilisha – hapo nikazinduka. Nikampigia Carbone. Waambie wanibadilishe na Pittsburgh, leo hii!  Nikasikia anapekua karatasi. Kasema klabu ikishailipa ofa, mwaka mzima haiwezi kunipeleka kokote bila ridhaa yangu. Nikapiga kelele pale kwenye maegesho: basi naridhia!

"Kokote, Tavares, isipokuwa kwa waliotoa ofa. Kwao hata ukiridhia hairuhusiwi. Mpaka mwaka uishe."

Ligi nzima. Isipokuwa timu moja, na niliichagua mimi. Ningemsikiliza Odell, pengine ningekuwa nimeshahamia. Carbone kasema alidhani najua.

Nikarudi kwenye kiti. Kinyozi alikuwa kanyoa upande mmoja tu. Kamalizia.

Jumanne, 9 Julai

Naandika kwenye chumba kidogo, uwanjani. Waandishi wa habari wamejaa upande wa pili wa ukuta. Nitaulizwa najisikiaje, nimeambiwa nijibu kwamba hapa ni nyumbani. Wameleta na keki.

Odell kaja kunishika mkono. Hajasema "nilikwambia." Ningependa aseme.

Renita kaandika. Hajamwambia Nyla. Anasema hiyo kazi ni yangu, na niifanye kabla sijatoka, maana mtoto yuko mbele ya televisheni na mkoba mgongoni, anasubiri kuniona na jezi ya Pittsburgh. Nimesoma mara mbili. Nina uchungu, najua ninao, ila sijui uko wapi.

Mtu wa klabu kagonga mlango. Kasema wako tayari.

Simu inaita. Ya video. Ni Nyla.

Odell ananitazama. Nimeshavaa jezi ya Kansas City. Nikiinua simu juu kidogo, uso tu ndio utaonekana.