Jina ya Ilunga mu muchezo ya motoka

Siku ya posho (Jumamosi), mangaribi

Mimi nitalia lini? Leo tena, hapana.

Bijou, mujukuu wangu, mutoto wa kike wa marehemu Ilunga wangu, alikuya na ordinatere yake, ile kompyuta ya kubeba. "Kambo, ikala ku kiti. Muchezo ya papa iko humu sasa. Ile ya motoka."

"Wacha ujinga. Mashini ya michezo ya baba yako bandugu yake balibeba kisha kilio, na manete yote mbili ya kushika mu mikono."

"Mashini hapana, Kambo. Paka muchezo. Siku hizi banatosha michezo ya zamani mu mashini, banaweka mu ordinatere."

Akafungula. Wimbo ni ile ile. Miaka yote nilimupigaka Ilunga kelele juu ya hii wimbo: "Zima, uende ku masomo!" Yeye alichekaka tu, ananionyesha jina yake juu ya bote mu liste ya bashindi: ILU.

Nikauliza: "Jina yake iko wapi?"

"Majina ilibakia mu mashini, Kambo. Hapa hakuna jina ya muntu."

"Basi andika."

"Haiandikake bule. Paka ucheze kwanza."

Nikacheza, mimi muzee wa miguu ya kuvimba. Niligonga kila ukuta. Bijou alicheka mpaka machozi. Nikafika wa mwisho. Ikaniomba herufi tatu, nikaandika ILU na kidole moja.

Sikusikia kitu mu moyo. Nikaenda ku jiko kusonga bukari.

Ilunga alikuwa wa kwanza. Leo iko wa mwisho, na ni mimi nilimuweka pale.

Nilimwambia Bijou aache ordinatere hapa. Akauliza sababu gani.

"Usiniulize. Kula."