Bendera Iliyoshushwa Barazani

Kasongo, Kongo ya Wabelgiji, Jumatatu

Bado nasikia sauti ya yule askari: "Mama, bwana mkubwa anasema bendera iko moja tu mu Kasongo."

Mama Edisi, Mwingereza ninayefundisha naye, alikuwa ametundika ya kwao barazani kwa sikukuu ya malkia wao. Aliishusha mwenyewe, huku akilia. Nilimshikia pembe mbili, tukaikunja kama shuka.

"Na yako, Rebeka, ni ipi?" akaniuliza.

"Ya Ubelgiji, Mama," nikajibu upesi, kama mwanafunzi.

Askari akacheka. "Aa, dada! Wabelgiji wanajua kama uko mutoto wao?"

Mama Edisi hakucheka. Wala mimi.

Tangu nirudi chumbani natafuta kitambaa ambacho kikishushwa nami nitalia. Sikipati.