Kola za Watu Wengine

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta goti limetulia na Mama ameacha kukufichia sukari. Huku kwangu sote wazima, na mimi hasa, maana tangu Ijumaa usingizi umerudi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu imenywea. Sasa naweza kukueleza. Kiwandani kwetu, tunakoshona sare za shule, oda zilipungua, mkurugenzi akaamua kupunguza mafundi sita. Safari hii, alisema, hatutachagua kwa kujuana. Kila cherehani inahesabu mashati inayomaliza, basi kompyuta ijumlishe, ipange mafundi na itupe majina. Mimi karani wa wafanyakazi nilifurahi kweli, maana nimechoka kuona ndugu za mabosi wakinusurika kila mara. Nilimwambia mke wangu kwamba kompyuta haina mpwa.

Majina yakatoka. Aliyeshika mkia alikuwa Mama Kola, fundi wetu mkongwe, miaka kumi na tisa pale. Jina hilo alipewa kwa sababu kola ya mtu ikikataa kulala, huitwa yeye. Nilishtuka, kisha nikajiambia labda mikono imechoka, na hesabu haidanganyi.

Kumbe! Fundi mgeni akikwama, Mama Kola huacha cherehani yake, hukaa kwenye ya mwenzake na kumshonea huku akimfundisha. Shati huhesabiwa kwa mwenye cherehani. Ya kwake imelala tu, na kompyuta ikamwona mvivu. Tulipowachunguza wale wengine, watatu walikuwa walezi kama yeye, na wawili walikuwa wamepewa cherehani mbovu, nusu ya wiki ziko kwa fundi mitambo. Tungewatimua walimu tukabaki na wanafunzi.

Mkurugenzi aliifuta orodha yote. Wote sita wamebaki, na saa za kazi zimepunguzwa kidogo kwa kila mtu mpaka oda zirudi. Tena ameagiza kwamba kuanzia sasa muda wa kufundisha uandikwe, na kabla ya lolote kuamuliwa, fundi aonyeshwe hesabu yake na asikilizwe. Nilishusha pumzi, Baba, kama niliyetua gunia. Alipowatangazia mafundi, alinisimamisha mbele yao akasema bila mimi kuitilia shaka orodha ile, kiwanda kingejikata mikono. Nilipigiwa makofi, nikatabasamu kama bwana harusi.

Sasa lililo moyoni. Makofi yale hayakuwa yangu. Sikutilia shaka chochote. Nilishuka kwa mafundi na barua sita za kuwaachisha kazi. Tano niliziweka mezani kwa wenyewe na kugeuka upesi kabla hawajazifungua. Mmoja nilimwona kwa pembe ya jicho akiuzungushia mkasi wake kitambaa, tayari kwenda. Ya sita ilikuwa ya Mama Kola, naye hakuwa mahali pake. Alikuwa ameinama kwenye cherehani ya binti mgeni. Nilipomwita alisema, bila kuinua kichwa, nisubiri amalize kola. Nikasubiri, barua mkononi, na ndipo nikaona, nikairudisha kwa mkurugenzi. Angekuwa amekaa kwake, ningempa nikaenda zangu.

Ijumaa nilimweleza mkurugenzi ukweli huu, kisha wote sita, nikawaomba radhi mmoja mmoja. Mama Kola alicheka mpaka akakohoa, akasema nishukuru kola ile ilikuwa mbishi. Yule wa mkasi hakucheka. Alisema amenisamehe, ila barua nilimpa bila kumtazama usoni.

Baba, nilikuwa darasa la tano uliporudi na barua yako ya kuachishwa kazi. Ulikaa mlangoni, viatu hujavua, ukamwambia Mama maneno hayohayo: hata hakunitazama. Mtu yule aliyekupa barua nimemchukia miaka yote hii. Sikutaka usikie kwa mwingine kwamba mwanao naye amefanya hivyo.

Nisalimie Mama na dada zangu, na jirani anayekusomea barua miwani ikipotea. Mwisho wa mwezi nakuja nyumbani. Nitakaa mbele yako, uniambie utakalo.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako.