Wifi, Bustani ya Arlo Imekwisha

Nyumba ya Kona, Mtaa wa Tatu,
Kolstad, Iowa.
9 Oktoba

Mpendwa wifi yangu Verna,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua tangu Pasaka sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nasikia huko Alaska theluji imeshaanguka. Hapa bado tunavaa sweta tu. Watu wanavuna soya mchana kutwa, na vumbi la mashine linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Mwanao Conrad anaendeleaje na mgongo wake? Mwambie mke wa mjomba wake anamuulizia.

Mimi mwili hauna neno. Kaka yako naye, ukiuliza habari za mwili, ni mzima, na presha yake ni nzuri kuliko yangu. Lakini najua hukuuliza habari za mwili. Ulipopiga simu uliniuliza bustani yake inaendeleaje, nami nikakujibu kwamba tunaendelea hivyo hivyo. Arlo alikuwa amekaa pale pale mezani ananitazama, nisingeweza kusema zaidi. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Bustani imekwisha, Verna. Hakuna hata shina moja.

Mara ya mwisho ulipokuja, kwenye arusi ya Joellen wetu, uliiona ikiwa bado changa, ukacheka kwamba kaka yako amepanda magugu mbele ya nyumba kwa makusudi. Hukuiona ilipokomaa. Unaukumbuka ule ukanda kando ya reli, nyuma ya shamba la marehemu baba mkwe, ambao jembe halikuwahi kuupita? Reli ilipong'olewa, mwenye shamba mpya akataka kulima mpaka ukingoni. Vuli ile Arlo alikwenda na mifuko ya karatasi, akapukuta mbegu za kila kilichosimama pale. Majira yaliyofuata pakapandwa mahindi. Kwa hiyo kilichokuwa hapa uani kwetu ndicho kilichobaki cha ukanda ule, na hakuna kingine mahali popote ninapopajua.

Hujui subira aliyokuwa nayo. Mbegu zile hazioti mpaka zionje baridi, basi kila mwaka friji yangu ilijaa vikopo vya mchanga mbichi kando ya siagi. Zikaota, zikakaa miaka ni majani matupu tu, zinajenga mizizi huko chini. Jirani yetu Rolland Buchta, fundi wa matrekta mstaafu, alikuwa akisimama kwenye uzio anamtania. "Arlo, ukishindwa kufyeka useme, nikuletee mbuzi." Arlo anamjibu, "Mlete, lakini kwanza mfundishe kusoma, maana mwenyewe umeshindwa kusoma kibao nilichoandika 'Usikanyage'." Wakicheka wote wawili.

Halafu yakachanua. Yale magugu ya maziwa mliyokuwa mkiyang'oa utotoni yalitoa vichala vya rangi ya waridi vyenye harufu tamu hata tukawa tunaacha madirisha wazi. Yalikuwapo maua ya zambarau yenye kitovu cha miiba, maua ya manjano kama vijua vidogo, na ule mmea mrefu kuliko mtu ambao majani yake husimama kama ubao, kingo zikielekea kaskazini na kusini. Vipepeo wale wa rangi ya chungwa wakaanza kutaga hapa. Rolland aliacha habari za mbuzi, akaja kuomba mbegu. Kaka yako alitembea mtaani kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

Ugonjwa ulipoanza kumla akili, ni bustani iliyomshikilia. Alikuwa akisahau jina la Joellen, ila ukimtoa nje anakutajia kila jani. Joellen alitaka tumpeleke kwenye nyumba ya wazee. Nikamwambia, baba yako haendi popote maadamu bado anaijua bustani yake. Nilisema hivyo kwa kiburi, kama mtu mwenye dawa mkononi.

Asubuhi moja ya mwezi Mei nilikuwa naweka kahawa motoni, nikamwona dirishani. Yuko nje na nguo za kulalia, amepiga magoti, anang'oa. Nilitoka mbio bila viatu.

"Arlo, unafanya nini?"

"Verna, usisimame hapo," akaniambia. Alinidhania wewe, wifi. "Shika mstari ule. Baba akirudi akakuta magugu ya maziwa kwenye soya, leo tumekwisha."

"Hii si soya, baba Joellen. Hii ni bustani yako."

"Bustani gani? Vuta na mzizi. Ukiacha mzizi atajua hatukufanya kazi."

Mikono yake ilikuwa myeupe kwa utomvu. Nilimshika mkono, akanisukuma. Nilimshika tena, akaanza kulia, kilio cha mtoto anayesikia hatua za mtu mlangoni. Verna, nimeishi na mwanamume huyu tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kusikia kwamba alimwogopa baba yake. Kwangu mimi baba mkwe alikuwa mzee mkimya aliyependa pai ya matofaa. Wewe unajua yaliyotokea kwenye mistari ile ya soya. Sikuulizi, ila sasa najua kwamba yalitokea.

Sikuweza kumtazama akilia vile. Nikapiga magoti kando yake nikaanza kung'oa na mimi. Nilivuta machipukizi ambayo nilikuwa nimeyangoja majira yote ya baridi, nikayaweka kwenye lundo, na kila mstari ulivyobaki mtupu ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Tulipomaliza akajipangusa mikono kwenye suruali. "Haya, twende tukanywe maziwa," akasema. Akaingia ndani ametulia kabisa.

Baada ya muda yakachipua tena. Mizizi ile huenda chini mno, mkono wa mzee hauwezi kuimaliza. Rolland aliegemea uzio akaniambia, "Mama Joellen, haya majani yana kichwa kigumu kama mwenyewe. Yatamshinda." Tukacheka, na mimi nikamshukuru Mungu palepale kwenye nyasi.

Sikujua ninachoshukuru. Kwake yeye kila chipukizi lilikuwa baba anarudi. Alikuwa anaamka kukipambazuka anatoka kwenda kung'oa, na kesho yake yakichomoza mengine anaanza upya, kucha zinavuja damu. Nikifunga mlango anasimama dirishani anapiga kioo kwa viganja na kukuita wewe kwa jina. Vile vikopo vya mbegu kwenye friji alivitoa vyote akavimwaga kwenye pipa la kuchomea taka, maana mbegu za magugu huchomwa. Nilipofika lilibaki jivu tu. Akaacha kula. Akawa mwembamba hata pete ikawa inamtoka kidoleni.

Joellen alikuja kutoka Minneapolis, akakaa nami jikoni. "Mama, mimi sigombani na wewe," aliniambia. "Lakini ama Baba aondoke, ama bustani iondoke. Hivi vitu viwili haviwezi kukaa pamoja tena."

Nikachagua Arlo. Sikuhitaji hata kufikiri, na hilo ndilo linaloniumiza sasa, kwamba lilikuwa jambo jepesi vile.

Nilimwendea Rolland karakanani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akawa anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Usiniombe hivyo, Marlys. Miaka yote nilimtania juu ya hayo majani. Leo nikayaue mimi?"

"Nikimwomba mtu mwingine atayaua kwa furaha," nikamwambia.

Akaja. Tulitandika plastiki nyeusi juu ya bustani yote, tukaikandamiza kwa mawe, jua la Julai likaivisha kila kitu chini yake. Ule mmea mrefu aliuchimbia pembeni, akaufunga mnyororo, akauvuta na trekta. Mzizi wake ulitoka mrefu kuliko Rolland mwenyewe, halafu ukakatika, na bado sehemu ilibaki chini. Alijaribu kuokoa mashina machache akayapanda kwake, lakini joto lilikuwa kali na mizizi imechanika. Yalikauka yote. Mwezi Agosti gari likaleta nyasi zilizokunjwa kama mazulia, wakazikunjua, na ua wetu ukafanana na ua wa kila mtu.

Arlo alitazama kazi yote akiwa barazani. "Baba atafurahi," akasema. Usiku ule alilala fofofo. Akaanza kula, mahindi mabichi na siagi, mpaka inamchuruzika kidevuni. Nikajiambia, basi, nimelipa nilichotakiwa kulipa, nimempata mume wangu.

Wifi, sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita aliamka asubuhi akaniita, "Marlys." Hakuwa ameniita jina langu tangu majira ya baridi. Nilikuwa nakunja mashuka, nikayaacha yakaanguka. Aliniomba kahawa, akataka akanywee barazani. Macho yake yalikuwa yale yale ya zamani. Tulikaa. Vipepeo walikuwa wanapita kuelekea kusini kama kila mwaka. Mmoja alitua kwenye kamba ya nguo, akatulia kidogo, akaenda zake. Arlo akamfuata kwa macho, kisha akateremsha macho kwenye nyasi.

"Marlys, maua yangu yako wapi?"

Niliweka kikombe changu chini.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Rolland alinisaidia, lakini mimi ndiye niliyemwita."

"Yalikuwa ya mwisho."

"Najua, Arlo."

"Unajua," akasema polepole, "na ukafanya."

Ningeweza kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa amenirudia, ananijua jina, na mimi nimtazame usoni nimwambie kwamba ni mikono yake mwenyewe iliyoanza? Sikumwambia. Alishuka ngazi, akainama kwa shida, akaweka kiganja chake kwenye nyasi kama mtu anayepima homa. Aliporudi alikigeuza kiti, akanipa mgongo.

Nikaomba asahau. Sioni aibu kukuambia, nilipiga magoti nikaomba ugonjwa umrudie haraka. Na umerudi. Amesahau kwamba tuna mtoto, amesahau nyimbo za kanisani, hajui kama amekula au hajala. Hili moja tu hajalisahau. Ipo siku hajui mimi ni mke wake, ila anajua mimi ndiye yule mwanamke aliyeua maua. Hapokei chakula mkononi mwangu. Rolland ndiye anayekuja kumlisha asubuhi na jioni, na kwa Rolland anafungua kinywa.

Juzi Rolland alitoka chumbani na bakuli tupu, machozi yanamlenga. "Niruhusu nimwambie ukweli," akasema. "Hii si haki. Mimi ndiye niliyeshika mnyororo, ananichekea, na wewe anakutazama kama mwizi."

Nikamkatalia.

Mwezi ujao, kabla barabara hazijaganda, tutampeleka kwenye ile nyumba ya wazee niliyoapa hatakanyaga. Nafasi imepatikana. Niliitoa bustani ili nibaki naye, na sasa nabaki na nyasi. Joellen anasema nihamie kwake. Bado sijampa jibu. Asubuhi nasimama dirishani na kahawa yangu, na hapana kitu cha kutazama.

Nina ombi moja tu kwako. Utakapompigia simu huko, sauti yako ataitambua, maana wewe anakuita hata usipokuwapo. Atakusimulia habari zangu, na hatanisema vizuri. Tafadhali usinitetee. Usimwambie kwamba aliyeanza kung'oa ni yeye. Kaka yako hakuwahi maishani mwake kuua kitu alichokipanda, na ndivyo anavyojijua. Mwache aende nalo hilo. Mimi anilaumu tu.

Wasalimie Conrad na mkewe, na yule mjukuu mpya ambaye hatujaonana naye. Joellen anakusalimu, na Rolland pia. Mwenyezi Mungu akushike mkono kwenye barafu ya huko, akujalie usingizi mwema na miaka mingine yenye afya.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye bila kupungua,

Marlys